Tundu Kwenye Gari la Baba

Uani kwa mama
Jumamosi, 6 Machi

Dada,

Shikamoo. Nimeiandika hiyo kwa sababu mama amesimama mlangoni, ameniuliza kama nimeanza na shikamoo. Nimeshaanza. Sasa tuendelee.

Nimekuja kuchukua gari, wiki yangu imeingia, na wewe kama kawaida yako umeshajiondokea ili usiuone uso wangu. Nimekuta madigadi ya kulia imebandikwa karatasi kwa selotepu. Karatasi ina miduara na misalaba kama mtihani wa hesabu, na kwenye mduara mkubwa kuna tundu. Tundu, dada! Nimeingiza mkono ukapita mpaka kwenye kiwiko. Unga wa chuma umetapakaa chini, na drili umeilaza juu ya boneti bila hata kitambaa, imechubua rangi.

Rangi ile baba aliipaka mwenyewe, kwa brashi, wiki nzima ya likizo yake. Akimaliza kuliosha gari alikuwa anavua fulana na kuifutia madigadi hiyo hiyo, mama akigomba. Leo umeitoboa kama debe la kumwagilia maua.

Mama anasema unafunga snokeli. Nikamuuliza snokeli ni mdudu gani, akasema ni bomba la kulisaidia gari kuvuta pumzi juu likiwa majini, ndivyo ulivyomweleza. Nimelichungulia, limelala chini ya kitanda cha wageni, jeusi, refu, limejikunja shingo. Mkonga. Umeamua gari la baba liote mkonga kwa sababu una ng'ombe wa kuchanja ng'ambo ya mto. Baba alituachia gari moja, akasema tushike wiki kwa wiki, ufunguo ukae kwa mama. Hakusema mmoja alitoboe wiki yake na mwingine akute. Ni kweli nimekuzuia kwenye simu, lakini mama anayo simu, na ulimi unao, tena mrefu.

Tundu nimelifunika na kifuniko cha ndoo. Nikifika mjini namtafuta fundi wa kuchomelea alizibe, apige rangi, yaishe.

Ndugu yako (na hili nalo mama ameliuliza)


Nyumbani
Jumatatu, 8 Machi

Mdogo wangu,

Marahaba. Nimeipokea, ingawa imekuja kwa kusukumwa mgongoni.

Tundu halikutobolewa kama debe. Niliisafisha madigadi, nikabandika karatasi ya kipimo iliyokuja na bomba, nikapima kutoka ukingo wa boneti na kutoka nguzo ya kioo cha mbele, nikapima tena. Nikatia alama kwa ncha ya msumari, nikaanza na tundu dogo, ndipo nikaingiza msumeno wa duara. Kingo nimezisugua kwa tupa na kuzipaka dawa ya kutu. Ungeingiza jicho badala ya kiwiko ungeona.

Halafu unanisimanga na ng'ombe. Ng'ombe ndio walionunua matairi unayoyatembelea kwenda kupiga picha za mabibi harusi. Lakini safari hii si ng'ombe. Nakuambia jambo ambalo mama amekuficha, kwa kuwa anadhani utalia.

Jicho lake la kushoto halioni kitu tena. La kulia linaona vivuli. Aliposimama mlangoni Jumamosi hakuwa anakutazama ukiandika, alikuwa anaisikiliza kalamu. Ni mtoto wa jicho. Wale madaktari wapasuaji wanaokuja mara moja kwa mwaka watakuwa hapo hospitali ya mjini kwenu Jumatatu tarehe 22, siku moja tu, na nimemwandikisha. Akiikosa siku hiyo atakaa gizani mwaka mzima, akisubiri warudi.

Mvua zinakuja. Zikitangulia, kivuko, pale magari yanapokatiza ndani ya mto, kitajaa. Njia ya kuzunguka darajani unaijua, ni siku nzima ya mashimo, na mgongo wake hauiwezi. Ndiyo maana nafunga bomba. Injini isipopata pumzi ikanywa maji, gari linafia katikati ya mto na mama ndani yake. Umeelewa sasa, au nikuchoree miduara?

Wiki inayoanzia tarehe 20 ni yako. Naomba tubadilishane, nimpeleke mimi. Nimeandika "naomba". Itunze, hutaiona tena.

Barua hii anaileta dereva wa lori la maziwa, yeye huzunguka darajani kila safari na shida zake. Na ukiligusa tundu langu kwa moto wa kuchomelea, nitakuchomelea mdomo.

Dada yako


Mjini
Jumatano, 10 Machi

Dada,

Sikulia. Nilikaa chini kidogo, basi.

Ningependa kujua tangu lini mama haoni, na kwa nini mimi niwe wa mwisho kujua, kama mpangaji. Usinijibu. Najua utasema mimi ni kitinda mimba, moyo wangu wa siagi. Ninyi wawili mkikaa jikoni mnakata shauri, kisha mimi naletewa habari zikiwa zimeshapoa.

Kubadilishana wiki: sitaki. Mama si wako peke yako. Nitakuja Jumamosi ya tarehe 20, nimchukue yeye na gari langu la wiki yangu, alale kwangu siku mbili apumzike, Jumatatu asubuhi nimshike mkono mpaka kwa daktari. Kwa mara moja katika maisha yake nataka akumbuke kwamba kuna jambo alifanyiwa na mwanawe wa kiume.

Unaniomba. Mwaka jana mbona hukuniomba? Uliniandikia kwa mwandiko wako mzuri kwamba giaboksi inavuja mafuta, gari lisitoke uani, nikilazimisha litanifia njiani. Hata mama ukamtia kwenye uongo wako, akasimama pale pale mlangoni akaniambia, "Mwanangu, kweli linavuja, liache." Nikaliacha. Nikapanda lori na masanduku yangu ya kamera, mvua ikatunyeshea njia nzima, lenzi ikaingia ukungu, na harusi ya watu nikaiharibu. Mjomba wa bibi harusi alinitolea maneno mbele ya wageni mpaka leo nikipita mtaa ule nainamisha kichwa. Kumbe wewe ulikuwa unazunguka na gari hilo hilo kuchanja ng'ombe, kwenye wiki yangu. Fundi aliyeliangalia aliniambia giaboksi ilikuwa kavu kama mfupa. Njia ya mwongo ni fupi, dada.

Ungeniomba siku ile ningekupa. Hilo ndilo linaloniuma, si lenzi.

Gari nitalirudisha Jumamosi hii na tundu lake, maana fundi wa kuchomelea amesafiri. Anarudi wiki ijayo. Nikishamfikisha mama hospitali, linakwenda kuzibwa. Ukitaka mkonga, nunua gari lako.

Mwanawe wa kiume


Nimeibandika kwenye usukani ili usiseme hukuiona
Jumamosi, 20 Machi

Wewe,

Soma hii mpaka mwisho kabla hujawasha gari. Kisha nichukie.

Bomba unaliona limesimama. Limekazwa kwenye madigadi kwa skrubu zote na kushikwa kwenye nguzo ya kioo, na ukilitazama kwa nje utadhani kazi imekwisha. Haijaisha. Mpira wa kiwiko, ule unaounga bomba na boksi la chujio la hewa ndani ya boneti, ulikuja wa gari jingine. Ni mwembamba, haushiki. Dukani wameniahidi wa gari letu Jumanne. Nimeuvalisha hivyo hivyo, nikauzungushia kitambaa na utepe mweusi ili vumbi lisiingie. Vumbi limezuiwa, maji hayatazuiwa. Na chini ya boksi la chujio kuna kitundu cha kutolea maji ya mvua, nacho bado sijakiziba. Kwa hiyo bomba hilo kwa leo ni pambo. Gari halina tofauti na lilivyokuwa mwezi uliopita, ila limekuwa refu.

Utauliza ni mwendawazimu gani anafunga nje kabla ya ndani. Ni mwendawazimu mwenye mdogo wake anayemtishia kwa fundi wa kuchomelea. Ningeliacha tundu wazi, ungeliziba. Maji nimeshayavulia nguo, nikaona bora niyaoge, nimelikaza ili ukitaka kulitoa utoke jasho.

Mvua imenyesha juzi na jana. Kivuko kimepanda. USIVUKE. Zunguka darajani. Najua ni siku nzima, nimemtandikia mama godoro siti ya nyuma, nimeweka mito miwili na maji ya kunywa. Atalalamika, mwache alalamike.

Najua unachofikiri. Unafikiri ni ya mwaka jana, kwamba nataka uchelewe, ushindwe, mimi ndiye nionekane. Mwaka jana nilidanganya. Ng'ombe wa watu walikuwa wanakufa kwa makumi, na wewe ungenipa hotuba kabla ya kunipa ufunguo. Ningefanya vile tena. Lakini leo sidanganyi, na kama una akili hata ya kuazima utaona tofauti.

Mimi nipo mnadani nachanja. Nimeondoka mapema kwa amani ya wote.

Dada yako, upende usipende


Mjini
Jumanne, 23 Machi

Dada,

Mama yuko kwangu. Yu hai. Naanza na hilo ili upumue.

Hakupasuliwa.

Barua yako niliisoma yote, kama ulivyoagiza. Nikafungua boneti. Nikaona mpira umeunganishwa, umezungushiwa utepe mweusi, umekazwa vizuri kama bandeji ya hospitali. Nikajisemea, huyu ameshamaliza kazi yake, hii barua ni giaboksi nyingine. Tukaenda mpaka kivukoni. Maji yalikuwa mekundu lakini lori la mchanga lilikuwa limetoka kupita, nililiona kwa macho yangu. Nikavuka.

Tulifika katikati. Maji yalipanda mpaka kwenye taa, gari likaendelea vizuri, mama akaanza kunisifu. Halafu injini ikakohoa mara moja, ikagonga kama mtu amepiga nyundo ndani, ikazima. Nikajaribu stata, haikuzunguka hata kidogo. Maji yakaanza kuingia kwa chini ya milango. Nilimtoa mama kupitia dirishani, nikampandisha juu ya paa, nikasimama ndani ya maji nimemshika miguu kwa sababu haoni ukingo wa paa na alikuwa anauliza ukingo uko wapi. Mvua ikaanza. Tulikaa hapo mpaka jioni, trekta la wachimba mchanga lilipotuvuta upande wa mjini.

Usiku akaanza kukohoa. Jumatatu nilimpeleka hivyo hivyo, nimemvika koti langu. Daktari alimsikiliza kifua, akatikisa kichwa. Akasema mtu anayekohoa hapasuliwi jicho, akikohoa kisu kikiwa ndani jicho limekwenda. Nilimwomba. Nilimwomba mbele ya foleni yote. Alikuwa mpole, lakini alisema hapana, na jana jioni wameondoka. Mpaka mwakani.

Fundi amefungua injini. Mkono wa pistoni umepinda.

Ni mimi niliyeamua kuvuka. Mama usimsumbue kwa maswali, kifua chake hakitaki maneno mengi.

Lakini na wewe nikwambie. Mtu mwenye nia safi hafungi bomba zima, akalikaza skrubu zote, akalizungushia utepe mzuri, kisha akaandika karatasi kwamba halifanyi kazi. Ulijenga uongo wa chuma ukaniachia ukweli wa karatasi. Ningeamini kipi?

Mdogo wako


Nyumbani
Alhamisi, 25 Machi

Sikiliza wewe,

Nimeisoma barua yako nikiwa nimesimama zizini, mikono ina kinyesi, nikaisoma tena, na mwenye ng'ombe akaniuliza nani amekufa.

Nilikuandikia usivuke. Nilikuandikia kwa herufi kubwa. Sikio la kufa halisikii dawa, lakini la kwako ni baya zaidi, linasikia dawa likaitemea mate. Halafu unaniambia habari za uongo wa chuma! Kwa hiyo mama amekosa jicho kwa sababu utepe wangu ulikuwa mzuri? Ningeuzungusha vibaya ndiyo ungeniamini?

Ulitaka akumbuke jambo alilofanyiwa na mwanawe wa kiume. Hongera. Atalikumbuka.

Unajua mimi nimefanya nini miezi hii wewe ukipiga picha za keki? Nimemfunga kamba kutoka mlangoni mpaka bafuni ili asipotee. Nimemwekea chumvi kwenye kopo la mviringo na sukari kwenye kopo la pembe nne, azijue kwa kupapasa. Nimemwogesha, nimemkata kucha, nimemsomea magazeti ya mwezi uliopita maana anasema habari ni habari. Kila siku nilikuwa namwambia, vumilia, tarehe 22 yaja. Alikuwa ameshaanza kuniambia atakachokitazama kwanza. Unataka kujua ni nini? Alisema anataka kuona kama umenenepa.

Mkuki kwa nguruwe mtamu. Mwaka jana nilikuharibia harusi moja ya watu usiowajua, ukaninyooshea kidole mwaka mzima. Wewe umemharibia mama yetu, mimi nikunyooshee nini?

Jumapili nakuja na lori la maziwa kumchukua. Uwe umefungasha nguo zake.

Sitii sahihi


Mjini
Jumamosi, 27 Machi

Dada,

Usije. Mama amesema usije. Ni maneno yake, si yangu, na sikuyatia chumvi.

Homa imeshuka. Anakunywa uji, anakohoa kidogo asubuhi. Nimemfungia kamba mpaka bafuni, nimejifunza kutoka kwako, asante kwa masimango.

Kuhusu kunenepa, nimemwambia nimenenepa. Si kweli, lakini alifurahi.

Sema unavyotaka juu yangu, mimi nimevuka, nimekubali. Ila usiniambie wewe ndiye uliyembeba na mimi ndiye niliyemwangusha, kana kwamba hapo katikati hakuna kitu. Ungekuwepo uani siku ile! Ungesimama mbele ya gari ukanifungulia boneti ukanionyesha kwa kidole, "huu mpira haushiki, tazama, unatoka," ningeuona. Dakika moja, dada. Ulichagua kwenda mnadani kwa sababu kuniona kunakutia kichefuchefu. Ukaacha karatasi ishike usukani badala yako.

Nasema tena, usije.

Mdogo wako


Nyumbani
Jumatatu, 29 Machi

Kwa mama. ASISOMEWE NA MWANAWE. Asomewe na mtu mwingine yeyote mwenye macho na haya.

Mama, shikamoo.

Huyu mwanao anasema umekataa nisije. Ameshakuzamisha mtoni, sasa naona anakuficha. Nimemwambia dereva wa lori akupe barua hii mkononi mwako. Kama kweli ni wewe uliyesema, sema mwenyewe. Kama si wewe, niambie, nije na polisi ikibidi.

Kitanda chako nimekianika. Kuku wako wote wazima.

Mwanao


Mjini
Jumatano, 31 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Anayeniandikia ni jirani wa mdogo wako, mwalimu wa watoto wadogo, nimemwambia aandike kama ninavyosema asinipambie. Mdogo wako yuko kazini. Barua zako zote za nyuma, na nakala za zile alizokuandikia yeye, mwalimu huyu amenisomea jana, zilikuwa kwenye droo ya jikoni. Nilitaka kujua watoto wangu wanazungumzaje wanapodhani siwasikii. Nimejua. Mngekuwa wadogo ningewachapa wote wawili, na ningeanza na wewe kwa kuwa ni mkubwa.

Polisi unamletea nani? Ni mimi niliyesema usije. Niliona aibu kukusikia ukiingia.

Sasa nisikilize. Tulipofika ukingoni siku ile, mdogo wako alizima gari. Alikuwa na wasiwasi. Akatoa barua yako akanisomea yote kwa sauti, mpaka mahali ulipoandika habari za akili ya kuazima, tukacheka. Halafu akaniambia, "Mama, mimi simwamini, lakini vipi kama safari hii ni kweli? Tuzunguke?" Akaniuliza mimi. Hakuamua.

Nikamwambia, vuka.

Nikamwambia dada yako akitaka gari anajua kuandika. Mimi nilikuwa ndani ya uongo wako wa mwaka jana, mwanangu. Wewe ndiye uliyenifundisha maneno ya kumwambia, nikasimama mlangoni nikayasema, na wakati ule nilikuwa bado naona. Nilimwona akipandisha masanduku yake kwenye lori, mvua inaanza, akageuka akanipungia mkono. Sikuusahau mkono ule. Siku ya mto nikajisemea, huyu mtoto sitamrudisha nyuma mara ya pili kwa barua ya dada yake. Na mgongo wangu haukutaka ile njia ya darajani, nalo nilikiri.

Kwa hiyo hasira zako umezipeleka nyumba siyo. Juu ya lile paa nilimwambia, "Nitamweleza dada yako ni mimi." Akanijibu, "Ukimweleza, mama, nitakuacha hapa hapa." Alikuwa anatania, lakini meno yake yalikuwa yanagongana. Tangu hapo kila nikitaka kukutumia neno anasema kifua changu hakijapona.

Siwezi kuvumilia akitukanwa kwa neno langu. Jicho ni langu, nimelipoteza kwa mdomo wangu. Usije kama una hasira nami, ngoja kwanza ziishe.

Mama yako


Nyumbani
Ijumaa, 2 Aprili

Mdogo wangu,

Mama ameniandikia. Ameniambia alichokuambia pale ukingoni.

Nimekaa na karatasi hii tangu asubuhi, ng'ombe wananingoja. Nilidhani mtu mmoja tu duniani haniamini, na nikawa nimekuzoea. Kumbe hata mama. Nimekuwa nikimwogesha mtu ambaye akisomewa maneno yangu anacheka, na sikujua.

Nina hasira naye, sikufichi. Kwa kuwa hasira hiyo haina pa kwenda nimeng'oa majani yote ya uani.

Lakini na wewe sikuelewi. Nilikutukana, nikakuambia umemzamisha mama yako, nikataka kukuletea polisi. Ulikuwa na neno moja tu la kunifunga mdomo, na wewe si mtu wa kuacha neno la kunifunga mdomo likapita. Kwa nini hukulisema?

Usinijibu kwa mzaha.

Dada yako


Mjini
Jumapili, 4 Aprili

Dada,

Shikamoo.

Usidhani nimekusamehe. Gari limelala hapa nje na injini yake imefunguliwa, na kila nikilipita nakulaani wewe na mpira wako, kisha najilaani mimi. Tukilitengeneza tutagombana nani alishike kwanza. Hayo yapo.

Umeuliza kwa nini, nakujibu bila mzaha. Ni kwa sababu nakujua ukikosewa. Kwanza unapiga kelele, na hizo hazina shida, mtu anaziba masikio. Baadaye unanyamaza, na ukinyamaza hurudi. Mimi umeninyamazia mwaka mzima, unaondoka uani kabla sijafika, na nimeishi tu, nina kazi, nina marafiki, nina macho. Nikafikiri, akijua ni mama aliyesema tuvuke, atamnyamazia mama. Ataendelea kumpikia na kumwogesha, maana moyo wa kazi anao, lakini hatamsemesha. Na mtu asiyeona, akinyamaziwa na mwenzake ndani ya nyumba, ni heri angebaki mtoni. Nikaona bora unitukane mimi. Kwangu ulikuwa umeshamaliza.

Kwa hiyo hasira zako zimalizie kwenye majani, kisha panda lori uje. Mimi sitakuwepo, nina harusi, ufunguo uko kwa mwalimu jirani. Chumba cha mama ni cha kulia ukiingia. Vivuli navyo vimeanza kumpotea tangu ile homa, hajakuambia na mimi hakuniambia, nimemwona tu anavyougeuzia mlango sikio. Watu wakiingia kimya anashtuka na kuuliza nani, nani. Basi ukifika sema kitu, hata mgombeze. Ukinyamaza hatajua kama ni wewe.

Mdogo wako